Mlango Uliotazama Upepo

Wengine watakuambia alikuwa mkali, na hawajakosea. Wengine watakuambia alikuwa mtu wa mzaha, na hao pia wanasema kweli. Mimi nilimwendesha kwa gari la idara ya mifugo karibu miaka yote ya tisini, kutoka Garissa hadi Wajir, hadi Mandera na vichaka vyote vilivyo katikati, na juu ya hayo nilikuwa jirani yake mtaani Galbet, Garissa, ua kwa ua. Nikiulizwa alikuwa mtu wa namna gani, jambo la kwanza linalonijia ni kwamba alikuwa na nyumba ya mawe yenye bati zuri, na yeye mwenyewe alilala nje.

Watu walimwita Daktari. Udaktari wenyewe ulikuwa kuchanja ng'ombe, mbuzi na ngamia. Cheti hakuwa nacho wala hakudai kuwa nacho, ila ukizunguka kule kwetu na sindano na sanduku la barafu, utaitwa daktari upende usipende. Mimi nilimwita Daktari, yeye akaniita Dereva, na miaka ikaenda hivyo bila mmoja kumwita mwenzake kwa jina. Mimi ni mtu wa Hola, wa mtoni, kwa hivyo tulizungumza Kiswahili. Chake kilikuwa cha kwao: P ilikuwa B, V ilikuwa F, na ngeli alizifungia zote katika zizi moja.

Kitanda chake cha kamba kilikaa uani, katikati, mahali ambapo hakuna kitu juu yake ila mbingu. Mvua ikinyesha alikisogeza barazani, na akifika barazani hakuendelea zaidi. "Hii dari inanikanyaga," alikuwa akisema, na kusema kweli ukimwona amekaa sebuleni na wageni, mabega yameinama na jicho liko mlangoni, ungedhani bati limemlalia kichwani.

Basi kwa nini alijenga nyumba ya mawe? Aliijenga kwa ajili ya mkewe. Mama Hawo alikuwa binti wa mwenye duka, mzaliwa wa Garissa mjini, na baba yake alisema wazi kwamba hakuna binti yake atakayezungushwa jangwani na masufuria mgongoni mwa ngamia. Kwa desturi ya watu wao, bibi harusi hujengewa aqal na mama yake na shangazi zake, ile nyumba ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, ambayo wanawake huijenga, huibomoa na kuipakia juu ya ngamia siku ya kuhama. Mama Hawo hakujengewa. Alipewa saruji na funguo. Wifi yake, dada mkubwa wa Daktari aliyekaa na mifugo huko Takaba, hakumsahaulisha jambo hilo. Kila alipokuja mjini alimwita "mke wa mawe", hata mbele ya watoto. Mama Hawo alicheka naye, ila kicheko chenyewe hakikuvuka meno.

Daktari aliwapenda watu wake kwa namna ambayo wanaume wa pale waliiona ya aibu kidogo. Alimbeba mtoto mgongoni akienda msikitini. Alimsongea mkewe nywele siku mkono wake ulipovunjika, tena barazani, watu wakipita. Na kila Ijumaa, baada ya sala, alikodi mkokoteni wa punda, akapakia mke, watoto, birika, mkeka na mtungi wa maji, akatoka nao nje ya mji mpaka mahali ambapo huwezi kusikia redio ya mtu.

"Mtu ana nyumba ya mawe, anapeleka watoto kichakani kama mbuzi," majirani walisema.

"Mbuzi wanarudi wameshiba," aliwajibu. "Watoto yenu je?"

Niliandamana nao mara nyingi. Hakuna kilichofanyika huko ambacho ungeweza kukisimulia. Alichemsha chai. Aliwaonyesha watoto swala twiga aliyesimama kwa miguu miwili akila majani ya juu, akawaambia wasimnyooshee kidole kwa sababu si adabu. Aliwalaza kifudifudi, sikio chini, wamwambie kama kundi la ng'ombe linakuja au linakwenda. Mama Hawo alikaa kwenye mkeka, viatu miguuni, akiogopa nge, akilalamika jua, na sikumbuki Ijumaa hata moja aliyokataa kuja. Binti wa duka yule! Nilikuwa nikimtazama akimtazama mumewe anavyotembea pale, mrefu, mabega yamenyooka, nikajua anachofuata.

Tulitaniana sana. Mimi ni mla samaki, naye, kama wengi wa kwao, alimhesabu samaki kuwa nyoka aliyepata bahati. Tukilala njiani nikikaanga kambare wangu, alinyanyuka, akaulizia upepo kwa vidole viwili vilivyoloweshwa, akahamia upande unakotoka.

"Dereva, Mungu amekubatia mbuzi, ngamia, ng'ombe, wewe umekwenda kutoa hii kitu matobeni?"

"Daktari, njoo uonje."

"Nikionja hiyo, mke yangu atanifungia mlango."

Alijua upepo kama wengine wanavyojua mabasi: unatoka wapi, unafika saa ngapi, umechelewa kwa nini. Na hapo ndipo ukali wake ulipokaa, maana mlango uliotazama upepo hakuweza kuuvumilia. Zizi, kibanda, choo, hata hema la askari barabarani; akiona mlango umekaa vibaya alisema, na akisema hakusema kwa upole. Mama mkwe wake alinuna mwezi mzima kwa sababu ya mlango wa banda la kuku.

Siku moja tulikwenda Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi, miaka ile watu walipokuwa bado wanamiminika kutoka ng'ambo ya mpaka. Tulikuwa tunawahi mbuzi wa kuchanja upande wa pili. Njiani akamwona mama mmoja ambaye alikuwa ndiyo kwanza amefika, anasimamisha kibanda cha fito na nailoni, watoto wamekaa chini kandokando. Mtu wa mjini, ungejua kwa namna alivyoshika zile fito. Mlango aliuelekeza kusini, na ilikuwa hagaa, ile miezi mikavu baada ya mvua, upepo wa vumbi unapotoka kusini.

"Simamisha gari," Daktari akasema.

"Mbuzi wanatungoja."

"Mbuzi haina mlango. Simamisha."

Akashuka, akamwamkia yule mama kwa adabu zote, kisha akaanza kung'oa fito. Wanaume waliokaa karibu wakaangua kicheko, mwanamume anajenga nyumba! Hakuwajali. Aliigeuza nyumba nzima, jua likapanda, barafu yetu ikayeyuka, nami nikakasirika mpaka nikanyamaza. Alipokuwa anarudi garini, kanzu imejaa vumbi, alinieleza kama mtu anayemfundisha mtoto kunawa.

"Nyumba unaibatia ubebo mgongo. Hiyo kwanza. Mlango unaibatia watu. Ukifanya makosa hiyo, kifua ya mtoto inajaa mchanga, na mchanga ikiingia kifuani haitoki."

Baadaye nilijua kwamba mdogo wake wa kufuatana naye alikufa kwa kifua, utotoni, wakati wa hagaa. Aliniambia dada yake wa Takaba. Yeye hakuwahi kulitaja. Nilimwona akilia mara moja tu, na ilikuwa juu ya ngamia wa mtu mwingine, mwaka wa mafuriko, mnyama amezama kwenye tope mpaka shingoni na hakuna la kufanya.

Macho yalianza kumwacha taratibu, na alificha vizuri kuliko nilivyodhani. Njiani aliniuliza, "Unaona nini kule?" nami nikadhani ananipima, nikamtajia: twiga wawili, mgunga uliokauka, mwanamke na punda. Akaitikia, "Fizuri, umekuwa mtu sasa." Kisha siku moja, tukitoka Wajir, akaniamrisha nisimame, akashusha kioo, akatoa salamu ndefu, ya afya, ya watu wa nyumbani, ya mvua na malisho. Nikageuka kuona ni nani. Kilikuwa kichuguu cha mchwa.

 Yeye alisubiri jibu, akasubiri, halafu nikaona uso wake umeelewa.

"Huyu ni mtu mbaya," akasema akipandisha kioo. "Nimemsalimia fizuri, hata hajibu. Twende."

Tulicheka mpaka mbele kidogo, kisha tukaacha kucheka.

Ilikuwa sukari. Ilianza kwa macho, ikaenda kwenye mguu, kisha kwenye figo. Alistaafishwa mapema. Na kwa kuwa alikuwa mgonjwa na kipofu, watu wake, waliompenda, wakamwingiza ndani. Nani angewalaumu? Uani kuna nge, kuna mashimo ya maji ya kuosha vyombo, kuna umande wa alfajiri. Wakamtandikia godoro chumba cha mbele, wakafunga dirisha, wakaweka pazia. Na mtu yule akaanza kuzimika mbele ya macho yetu. Alikula kidogo, halafu kidogo zaidi. Nilipoingia kumjulia hali alinyoosha mkono juu, akapapasa hewa, kana kwamba anatafuta dari iko umbali gani.

Likawa shauri la ukoo. Hawo, binti mkubwa, aliyekuwa akifundisha Nairobi, alitaka kumchukua Eastleigh, ghorofani, karibu na hospitali. Dada yake wa Takaba akashuka na lori la mifugo akasema anamrudisha kwa ngamia wake, akalale chini ya nyota, akafe kama mtu. Walibishana sebuleni na yeye amelala kile chumba cha mbele, anasikia. Mwisho akaita. Tuliingia wote, nami nikiwamo, maana nilikuwa nimeletwa kumbeba mpaka kwenye lori ikiwa atakubali.

Dada yake alipiga magoti pembeni yake. Walisema Kisomali, lakini kufikia miaka hiyo nilikuwa nakifuata.

"Twende nyumbani, ndugu yangu. Hapa wanakuzika ukiwa hai."

 Ungeweza kuona alivyotaka. Uso wote ulikuwa umegeukia upande wa barabara ya kaskazini.

"Huko nitalala nje," akasema. "Sawa. Na asubuhi nikiamka, watoto wangu wako wapi? Huyu mama yao yuko wapi?"

"Watakuja kukutembelea."

"Mimi si kaburi, nitembelewe. Nenda salama, abaayo, dada yangu. Wasalimie ngamia."

Dada akalia njia nzima mpaka kwenye lori. Mama Hawo alibaki amesimama mlangoni mwa chumba, mkono mdomoni. Mumewe alikuwa ametakiwa kuchagua kati ya nje na wao, akawachagua wao, na bei yake ilikuwa kile chumba. Nilimwona akilihesabu hilo moyoni.

Mimi siku hiyohiyo niliondoka kwa safari ya kazi upande wa Mandera. Niliporudi ilikuwa hagaa, upepo unafagia Galbet nzima na mifuko ya nailoni imenasa kila mwiba. Nilipita kwao hata kabla ya kuoga. Uani, pale pale kilipokuwa kitanda cha kamba, palisimama aqal.

Haikuwa nzuri, na sitaki kuipamba. Upande mmoja ulikuwa umebinuka, mikeka imefungwa kwa kamba za manila za dukani, na mahali palipopungua mkeka palikuwa na shuka la maua. Mama Hawo alikuwa amenunua fito na mikeka kwa wanawake wa soko la mifugo, akaijenga na binti zake wadogo. Hakumwita mtu wa kumsaidia. Mikono yake ilikuwa imechubuka hadi kwenye viganja.

"Shemeji, umeiona nyumba yangu?" akaniuliza, na sijawahi kumwona na furaha kama ile. "Sikujengewa, nimejenga mwenyewe. Sasa yuko nje na yuko nyumbani. Na tazama, mlango nimeuweka hapa, mbele ya jiko, ili nikipika nimwone."

Jiko lilikuwa upande wa kusini. Mlango ulitazama kusini. Upepo uliingia humo wote, na vumbi lake lote.

Niliinama nikaingia. Daktari alikuwa ameketi akielekea mlangoni, shuka begani, amekonda mpaka pua imekuwa ndefu. Blanketi lililofunika miguu yake lilikuwa limegeuka rangi kwa mchanga. Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, mkono wake ukanishika kifundo na kubana, na bado ulikuwa na nguvu.

"Dereva," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "nyumba imekaa fizuri, sindio?"

Mama Hawo alikuwa nje pale, anangoja.

"Imekaa vizuri sana," nikasema.

Akaenda kutuletea chai. Ndipo nikamnong'oneza, "Daktari, mlango huu. Kifua chako. Niache nimwambie, tunaugeuza kesho, kazi ya asubuhi moja tu."

"Ukimwambia, mimi na wewe basi."

"Wewe uliyeng'oa nyumba ya watu Dagahaley?"

"Ile ilikuwa mtoto ndani yake. Hii ni mimi." Akakohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Maisha yote nimesema, hii mlango mbaya, ile mlango mbaya. Wallahi, mama yake bado hajanisamehe mambo ya kuku. Hii moja nitanyamaza."

"Unakula mchanga."

"Nakula. Lakini sikiliza."

Nikasikiliza. Upepo ulikuwa unapita jikoni kwanza ndipo uje kwetu. Kulikuwa na sufuria inayokwanguliwa, watoto wawili wanagombania kijiko, na Mama Hawo anajiimbia chinichini akidhani hakuna anayemsikia.

"Hiyo yote inakuja kwangu," akasema. "Mlango ikiangalia ule ubande mwingine, nasikia nini? Ukuta ya jirani. Na jirani ni wewe, unakaanga nyoka yako."

Kisha tukasikia ndala za mkewe zinakuja. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka lazima nikae chini. Upesi, kwa mikono yake iliyokonda, alilishika blanketi pembe mbili akalikung'uta nyuma yake, akajipangusa nyusi na ndevu, akalitandaza tena miguuni, safi. Alifanya kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Mama Hawo alipoinama na birika alimkuta ametulia kama mgeni wa heshima.

"Siku hizi amekuwa mtu wa ibada," akaniambia kwa fahari. "Anaomba maji ya kutawadha hata kabla ya wakati."

Daktari alikunywa chai yake, uso umetazama upepo.

Alifariki kabla upepo haujageuka. Walimzika siku hiyohiyo, kama ilivyo desturi, na waombolezaji wakajaa uani na barazani. Dada yake wa Takaba hakuwahi maziko. Nilimpokea stendi ya malori nikamleta. Alipoingia uani alisimama ghafla, akaitazama ile nyumba ya mikeka, akatazama mlango wake, na uchungu wote aliokuja nao ukapata pa kutokea.

"Nani alijenga hii?" akapaza sauti. "Nani alimweka ndugu yangu katika mlango wa hagaa? Mtoto mdogo anajua! Alikuwa anakula vumbi humu ndani!"

 Mama Hawo, amejifunika nguo ya eda, aliinuka polepole. Hakumtazama wifi yake. Alinitazama mimi, kule getini, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiingia na kutoka.

"Shemeji," akasema. "Alijua?"

"Alijua," nikamjibu. "Tangu siku ya kwanza."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa habari ya zamani. Kisha akaiendea ile aqal, akainama, akaingia, akaketi pale alipokuwa akiketi mumewe, uso mlangoni. Upepo ukampiga. Ukampeperusha shela, ukamjaza vumbi machoni, naye hakujifunika. Wifi yake aliona hivyo, hasira ikamwisha, akasema kwa upole kwamba wanawake waje waibomoe, au angalau waigeuze.

"Iacheni," Mama Hawo akasema.

Jikoni, kitinda mimba wake alikuwa ameachwa alinde sufuria ya chai ya waombolezaji. Alikuwa amezubaa akiwatazama watu, na sufuria ikaanza kufurika, nikaona tone moja tu likidondokea makaa. Hata mimi, niliyekuwa nimesogea karibu na jiko, sikulisikia.

"Mwanangu, epua chai," Mama Hawo akaita kutoka ndani.

Mtoto akaruka akaepua. Kisha, kule ndani ya mikeka, nikamsikia Mama Hawo akisema, si kwa wifi yake wala si kwangu, kwa sauti ya kushangaa, "Kumbe kila kitu kinasikika hapa."

Ndipo akalia.